Nusu Siku ya Somoe

Mwanamke mwenye kiburi hutambulika sokoni. Hivyo ndivyo alivyojiambia Twalib asubuhi ile, na kama ilivyo kawaida ya wanaume wanaojiamini, alikosea.

Soko la Bagamoyo lilikuwa limefurika. Mananasi ya Kiwangwa yalimwagwa chini kwenye maturubai, harufu yake ikigombana na ya dagaa, na wanunuzi wote walikuwa wameinama wakibonyeza na kunusa. Wote isipokuwa mmoja. Alisimama wima, baibui lake jeusi lina nakshi za fedha mikononi, mtandio wa zambarau, anaelekeza kwa ncha ya mwavuli.

"Lile. Siyo hilo, la nyuma yake. Ninyanyulie nilinuse."

Twalib, fundi majokofu, begi la spana begani, hakujizuia.

"Bibie, inama kidogo. Ardhi haiumi."

"Wewe inakuuma nini, kaka?"

"Macho. Yamekutazama mpaka yamechoka."

"Basi yapumzishe. Ninyanyulie hilo kubwa."

Akanyanyua hilo, na jingine, na jingine, mpaka kiroba kikajaa. Akakibeba hadi kwenye bajaji. Mwanamke huyo, Somoe, alikuwa anaandaa matunda na vitafunwa vya asubuhi katika hoteli moja ya ufukweni, na Twalib akazuka na habari kwamba majokofu ya hotelini lazima yana matatizo, kwa hiyo angehitaji namba ya simu. Uongo mtupu, na wote wawili waliujua. Namba akaipata.

"Umekula?" alimuuliza jioni hiyo hiyo.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula sauti yako."

"Basi utalala na njaa."

Wiki zikapita kwa simu za namna hiyo. Jumapili moja, wakiwa kwenye kibaraza cha mgahawa pale Mji Mkongwe wa Bagamoyo wanakula mishkaki, Twalib alijasiri kumzungushia mkono kiunoni. Akagusa kitu kigumu kama ubao.

"Ni mkanda," Somoe alisema bila kumtazama. "Nilikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Nililala ndani kwa mama mdogo miaka miwili."

Akamweleza yote. Hoteli ilikuwa imemrudisha kazini kwa nusu siku tu, na kumlipa nusu mshahara. Nusu ya pili, pamoja na matibabu, ilitoka kwenye mfuko wa wagonjwa wa kampuni ya hoteli, wenye ofisi Dar, hadi daktari atakaposema mfupa umekaza.

"Wakinilazimisha siku nzima kabla ya wakati, mgongo utarudi ulikotoka. Nikiacha kazi, narudi kitandani kutazama dari. Hiyo nusu siku ndiyo maisha yangu, Twalib."

Twalib akasema, "Kumbe mananasi yote yale ulininyanyulisha kwa sababu ya ugonjwa!"

"Mengine kwa ugonjwa. Mengine nilikuwa naangalia mikono yako."

Alimpenda zaidi tangu siku hiyo. Na ni huyu huyu, kwa mapenzi hayo hayo, aliyekuja kumharibia.

Siku moja umeme ulikatika mtaani kwa kina Somoe, naye akaacha simu yake ichajiwe karakana kwa Twalib. Ikalia. Namba ngeni, mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Namtafuta Somoe. Nani mwenzangu?"

"Mume wake mtarajiwa."

"Vizuri. Mgonjwa anaendeleaje?"

Mtu wa pwani haulizwi hali na mgeni akajibu kwamba ni mbaya. Ni kumkufuru Mungu, tena ni kuwafungulia mlango wenye husuda.

"Mgonjwa? Hapa hakuna mgonjwa, mama. Hajambo kabisa, alhamdulillahi. Yuko kazini anachapa kazi."

"Amepona?"

"Amepona, tunamshukuru Mungu."

Jioni alimwambia Somoe, "Kuna mama mmoja alikusalimu." Basi, yakaishia hapo.

Haikupita muda meneja akamwita Somoe ofisini, uso umejaa furaha. "Hongera! Mfuko wamesema umepona. Jumatatu unaanza siku nzima. Kama huwezi niambie mapema, nitafute mtu."

Somoe alisema ahsante. Kazi alikuwa anaitaka mno hata asiweze kusema kingine.

Alisimama siku nzima, wiki tatu. Alikata mapapai, akasukuma ndoo kwa mguu kwa kuwa hakuweza kuziinua, akajifungia stoo kulia kisha akatoka na tabasamu. Mwisho akaupigia simu mfuko. Yule mama akamjibu kwa upole, "Lakini mchumba wako mwenyewe ndiye aliyetuambia, mwanangu."

Alifika karakana mtandio umemteleza mabegani.

"Nani kakutuma uniponyeshe?"

Twalib aliweka spana chini. Ikabidi aelezwe mara mbili ndipo aelewe, na alipoelewa akakaa juu ya jokofu bovu.

"Somoe, mtu nisiyemjua ananiuliza mgonjwa hajambo. Nimjibu nini? Nimelelewa kusema hajambo hata mtu akiwa taabani. Niliogopa macho ya watu."

"Macho ya watu hayajanifanya kitu. Mdomo wako ndio ulionimaliza."

"Laazizi..."

"Usiniite hivyo."

Akaondoka, na namba yake akaizuia.

Twalib alikwenda Dar mwenyewe, akakiri mbele ya yule mama kwamba alisema yasiyo kweli. Mama akamwonea huruma, lakini utaratibu ni utaratibu: aje mgonjwa mwenyewe, aonane na daktari wa mfuko. Akarudi Bagamoyo, akapiga hodi kwa Mwanaharusi, mama mdogo wa Somoe.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekuja kumponya tena?"

Aliinamisha kichwa, akaeleza. Bi Mwanaharusi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia chumbani na kupaza sauti. "Somoe! Mficha maradhi kilio humuumbua. Vaa, twende ukaseme."

Walisafiri hadi Dar, Bi Mwanaharusi ameketi katikati yao. Hospitalini akabaki kwenye benchi, miguu inamuuma, na Twalib ndiye aliyemshika Somoe mkono ngazini hadi ndani.

"Hujambo, Somoe?" daktari aliuliza.

"Sijambo, daktari. Alhamdulillahi."

"Maumivu?"

"Kidogo tu."

Daktari akaandika. Twalib alimtazama Somoe. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa kiti. Safari hii Twalib hakufungua kinywa. Alishamsemea mara moja, ikatosha.

Somoe akayaona macho yake, akaona aibu. Kosa lile lile alilomkasirikia mwenzake alikuwa analitenda mwenyewe, tena mbele ya daktari. Ukweli ni kwamba hakutaka Twalib asikie. Machoni pake alitaka abaki yule mwanamke wa sokoni, mwenye mwavuli.

"Futa hilo, daktari," alisema. "Viatu navalishwa. Miguu naoshwa na mama mdogo. Nalala nimekaa, na mguu wa kushoto unakufa ganzi. Kazi naitaka kuliko chakula, ila siku nzima siiwezi. Na sasa hata nusu sijui kama naiweza."

Picha za mgongo zilipotoka, daktari alizitazama kwa muda mrefu. Pingili zilikuwa zimeanza kusogea. Alale miezi mitatu. Mfuko utarudisha malipo, yeye mwenyewe ataandika. Kuhusu kazi, hakuahidi kitu.

Kwenye korido, katikati ya wagonjwa wanaoitwa majina, Twalib alisimama mbele yake.

"Nataka kuleta wazee wangu kwa mama mdogo. Nikupose."

"Usinioe kwa kunilipa, Twalib. Nimechoka kulipwa."

"Silipi. Nakupenda."

"Basi subiri nipone. Siku nitakayorudi kazini, waje hao wazee wako."

"Na usiporudi?"

Swali hilo Somoe hakuwahi kujiuliza, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alitaka kukasirika, akakosa nguvu. Akamwegemea begani, mzito, na kwa mara ya kwanza hakujaribu kusimama wima.

"Waje vilevile," alisema.