Sanduku Lisilofanyiwa Kazi

Sanduku la maombi lilikuwa limeibwa. Juu ya meza lilipokaa palibaki mstatili mmoja safi katikati ya vumbi.

Inspekta aliyeitwa Kikohozi aliukodolea macho mstatili ule mpaka vumbi lenyewe likaona haya. Jina hilo alilipata kwa sababu hukohoa kabla ya kuuliza swali, na wapo wezi walioungama kwa kikohozi tu, swali halijatoka.

Katibu muhtasi alieleza kwamba ndani yake mlikuwa na maombi ya watafiti vijana kumi na wanane waliotaka ufadhili wa kuhudhuria mkutano wa fizikia ya nadharia. Majina ya waliochaguliwa yalitakiwa kutumwa kabla ya saa kumi alasiri ile. Yasipofika, nafasi zinakwenda chuo kingine.

Mkuu wa kituo alipiga simu: achana na makaratasi, kuna gari limeibwa. Kikohozi akajibu kwamba gari lina bima, akakata.

Mlangoni alisimama binti mmoja mtafiti, mikono kifuani, tangu asubuhi. Ombi lake lilikuwa humo.

"Sitoki hapa," alimwambia inspekta. "Nimeihangaikia karatasi ile miaka minne."

Lifti ilikuwa mbovu, na mlinzi wa ngazi aliapa kwamba hakuna aliyeshuka na sanduku. Alama za vidole zilijaa mezani, za kila mtu. Akabaki wa kuhojiwa Mwalimu, profesa mzee, mwenyekiti wa kamati ya ufadhili, aliyekuwa wa mwisho kutoka ofisini jana. Mzee huyo hakujua uongo. Daktari akimwuliza anaendeleaje, hujibu kwa desimali tatu.

Kikohozi akakohoa.

"Jana ulikuwa na kazi gani na sanduku lile?"

"Sikulifanyia kazi yoyote."

"Yoyote?"

"Sifuri. Andika hivyo hivyo, usibadili neno."

Inspekta aliandika. Alipotoka akamsomea katibu muhtasi maelezo hayo, na yule binti pale mlangoni akaangua kicheko.

"Unacheka nini, mwanangu?"

"Afande, kwetu wanafizikia kazi si jasho. Ukilibeba sanduku kwenye sakafu tambarare, ukalitua kimo kile kile ulikolitoa, hata uzunguke nalo kutwa, hesabu ya kazi inatoka sifuri."

"Ala! Kumbe mzee kaniambia ukweli mtupu."

Basi sanduku lilikuwa ghorofa ile ile, kimo kile kile. Kikohozi akavua mkanda wa suruali, akapima meza, kisha akapita chumba hadi chumba akipima kila kitu, mkono mmoja ukishikilia suruali isimwaibishe. Chumba cha saba, stoo ya projekta mbovu, mkanda ulikubali. Chini ya pazia kuukuu, sanduku. Kufuli halijaguswa.

Mwalimu aliletwa. Hakungoja kikohozi.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Akaeleza bila kuinamisha kichwa. Miaka thelathini alijulikana kwa hesabu moja, iliyofundishwa vyuo na vyuo. Katika ombi lake, binti alikuwa ameonyesha kwamba ukurasa wa tatu wa hesabu hiyo umepoteza alama ya kutoa. Alikuwa amemweleza Mwalimu mwenyewe kwanza, kwa adabu. Sasa alitaka kwenda kuyasema hayo mbele ya wote waliosoma kwake.

"Nimeirudia mara tisa," Mwalimu alisema. "Kila mara linatoka jibu la binti huyu."

Saa nane na nusu, wajumbe wengine wa kamati walikwisha kuketi kusoma maombi. Pingu zilipofungwa, Mwalimu akamgeukia binti.

"Nenda, mwanangu. Ila waambie ni kosa la mpiga chapa."

Binti alishusha mikono kutoka kifuani.

"Shikamoo nitakupa, Mwalimu. Hata huko kituoni nitakuja kukuamkia. Lakini kosa ni lako, na nitasema ni lako."

Akaingia ofisini kuwasubiri wajumbe wamwite.