Mkaa Wenye Njaa

Msimamizi wa mradi alipasua gunia kwa kisu, zikamwagika pumba za mpunga. Akapasua la pili. Pumba. Safu nzima ya nyuma ya ghala ilikuwa pumba tupu, unga wa mkaa haupo.

"Kufuli halijavunjwa," alisema Inspekta, mama mwenye mwili na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Ufunguo anao nani?"

"Mimi," alijibu mtunza ghala.

"Unalala nao wapi?"

"Shingoni, afande. Nyumbani kwa bibi yangu."

"Mkaa umempa nani?"

"Haki ya Mungu, sijatoa hata punje!"

Mradi uliwagawia wakulima unga wa mkaa wauzike mashambani, kaboni ikae ardhini isirudi angani, na mahindi nayo yanawiri. Kesho yake wakaguzi wa hiyo kaboni wangefika, na msimamizi alitaka mwizi wa kuwaonyesha. Mtunza ghala akatupwa mahabusu, kazi imemponyoka na kifungo kinamnyemelea.

Koplo wake Inspekta alipekua majiko ya kijiji kizima, akarudi mweusi mpaka masikioni, mikono mitupu. Inspekta alicheka akashika kiuno.

"Koplo wangu, huu ni unga. Ukiutia jikoni utazima moto. Aliyeuiba ameuzika."

"Sasa tuchimbe mashamba yote?"

Inspekta alimgeukia mtaalamu wa kilimo wa mradi. "Mafunzo yenu huanzia wapi, dada?"

"Kwenye samadi. Mkaa mkavu una njaa, Inspekta. Usipoulisha samadi kwanza, unanyang'anya mahindi chakula chake. Yanakuwa ya manjano."

"Na asiyeandikishwa mradini?"

"Mafunzo hapati. Atajulia wapi?"

Kabla mtaalamu hajafunga mdomo, Inspekta alikuwa tayari kwenye ngazi ya tangi la maji kando ya ghala, ayaone mashamba yote kutoka juu, anahema na kuilaumu miguu yake. Kule juu aliona kijani kila upande, akafurahi hata akasahau kidogo kilichompandisha. Kisha, nyuma ya nyumba ya bati jekundu, akaona kiraka cha manjano.

"Kwa nani pale?"

Koplo alikuna kichwa. "Kwa bibi yake mtunza ghala, afande."

Inspekta, Koplo na mtaalamu walimkuta bibi anapalilia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu amekula huko kwenu?" Ndivyo alivyomtania mjukuu wake siku zote.

"Amegoma kula. Bibi, mahindi yako yana nini?"

"Jua."

"Jua linachagua shamba?"

Bibi alitupa jembe chini. "Basi, ni mimi. Mume wangu akilala, hata ng'ombe amkanyage haamki. Kabla ya kupanda nilikuwa namvua ufunguo, nabeba mkaa kwa ndoo, kidogo kidogo. Nikajaza pumba ili magunia yasinywee."

"Kwa nini, bibi?"

"Niliomba kuandikishwa. Wakasema shamba langu dogo, halifiki kipimo. Na tumbo langu je, nalo halifiki kipimo? Msimu uliopita mahindi ya jirani yalinipita urefu, nikalia kwa wivu. Nifungeni mimi. Mtoto wa watu hajui lolote."

Alinyoosha mikono apigwe pingu. Koplo aligeukia ukutani, akajipangusa macho.

"Mkaa wetu urudishwe!" alifoka msimamizi, aliyekuwa amewafuata.

"Tuufukue?" Inspekta aliuliza kwa upole. "Wakaguzi wawakute mnaitoa kaboni ardhini? Mwandikishe bibi, na mkaa wako utakuwa umezikwa shambani kwa mkulima wako. Hapo umeibwa wapi?"

Msimamizi aliyatazama yale mahindi ya manjano. Mtaalamu wa kilimo akaangua kicheko, Koplo akadakia, mwishowe msimamizi mwenyewe akacheka hadi akakaa chini. Alifuta malalamiko palepale. Majirani wenye vishamba vidogo, waliojaa uani kuona bibi akikamatwa, wakapiga kelele waandikishwe nao. Msimamizi akakubali. Angefanyaje?

Mtunza ghala aliletwa, kazi yake imerudi na ufunguo shingoni. Bibi alimkumbatia kwa nguvu, kisha akamsukumia ndoo ya samadi.

"Haya, mume wangu. Tumeulaza mkaa wa watu na njaa."