Waya wa Breki kwenye Mkono wa Fundi Cherehani

Kila asubuhi fundi Spana hufungua milango miwili. Mmoja ni wa karakana yake ya baiskeli. Wa pili ni wa chumba cha pembeni, ambamo mkewe hushona nguo. Kati yao kuna ukuta mwembamba, na maneno hupita hapo bila kulipa nauli.

"Hiyo nyundo mbona inalia sana leo?" mke huuliza.

"Inalilia chai," Spana hujibu, na chai huja.

Mke huyu alipoteza mkono wa kushoto katika ajali alipokuwa msichana. Sasa anatumia mkono bandia, tena wa siku nyingi. Mwishoni una kulabu ya chuma yenye vidole viwili. Akisukuma bega mbele, waya huvutika na kulabu hufunguka. Akilegeza bega, mipira midogo ya kuvutika huifunga tena. Kulabu hushika kitambaa, mkono wa kulia hukiongoza kwenye sindano. Wateja wapya hushangaa wakiona kulabu. Halafu wakiona mshono, hushangaa zaidi.

Wiki ile alikuwa na furaha tele. Chuo cha ufundi kilikuwa kimemwomba afundishe ushonaji, na darasa lingeanza Jumatatu.

"Najua watautazama mkono kwanza," alimwambia mumewe. "Waache watazame. Nataka wauone ukifanya kazi."

Alhamisi waya wa mkono ulianza kuchanika. Nyuzi zake nyembamba zilichomoza na kumchoma. Spana alipouona alicheka.

"Hili tu? Mimi nabadilisha waya kila siku. Nipe huo mkono. Chai haitapoa kabla sijamaliza."

Spana ni fundi kweli, hilo hakuna wa kumnyima. Lakini ana ugonjwa mmoja: kopo. Kila waya, kila nati na kila skrubu iliyobaki hutupwa kwenye kopo moja kubwa la rangi. Na Spana anaamini kwamba kopo lile halikosi dawa.

Basi akatoa humo waya wa breki. Akaukata, akausukuma ndani ya mrija wa chuma ambamo waya wa mkono hupita. Uliingia kwa kubanana. Akaupaka grisi.

Mke akauvaa mkono, akasukuma bega. Kulabu ilifunguka nusu, ikakwama. Akasukuma tena mpaka shingo ikamuuma.

"Mzito," alisema.

"Waya mpya huo. Utauzoea."

Mpaka jioni hakuuzoea. Spana naye hakutaka kushindwa. Akasema kumbe kulabu ndiyo imezeeka. Alikuwa na kulabu nyingine, aliyoipata kwa muuza vyuma chakavu. Kwa macho zilikuwa pacha. Akaifungua ile ya zamani, akaanza kuifunga hii. Mzunguko wa kwanza iliingia. Mzunguko wa pili ikagoma. Spana akachukua spana kubwa akaikaza kwa nguvu zake zote.

Ndani kitu kililia, krak. Tangu hapo kulabu haikuingia wala haikutoka.

Mke aliutazama mkono wake uliolala mezani.

"Mume wangu," alisema, "hii si baiskeli. Huu ni mkono wangu. Jumatatu nitasimama mbele ya watu na nini?"

Spana alikuwa ameona aibu mpaka masikioni.

"Nimeuharibu," alisema. "Nisamehe. Kesho twende kwa wenye kazi yao."

Ijumaa walikwenda kwenye kliniki ya viungo bandia. Fundi wa pale alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani. Chumba chake kilinukia plasta, na miguu ya plastiki ilikuwa imepangwa ukutani. Aliugeuza mkono huku na huku.

"Nani aliufanyia operesheni hii?"

"Mimi," alisema Spana.

"Na wewe ni daktari wa nini?"

"Wa baiskeli."

Mke akacheka. Hakuwa amecheka tangu jana yake.

"Vipande vya zamani mmevitupa?" fundi aliuliza.

Spana akatoa mfuko. "Mimi huwa situpi kitu."

"Hapo umefanya la maana. Kipande kilichochakaa ndicho kinachotuambia tutafute kipi."

Akaubana waya wa zamani kwenye kipimo chake cha chuma, halafu ule wa breki.

"Umeona? Wa breki ni mnene kidogo. Waya na mrija wake lazima vilingane. Ukibadilisha kimoja, kagua na cha pili."

"Ndiyo maana nilitia grisi," Spana alijitetea.

"Grisi hushika vumbi, na vumbi husaga waya. Ukiona waya ni mzito, usiulainishe tu. Tafuta kinachoubana."

Kisha akaubana mkono kwenye jiliwa la mezani, akaitoa ile kulabu polepole. Akaziweka kulabu mbili kando kwa kando.

"Zinafanana kabisa," Spana alisema.

"Kwa macho, ndiyo. Zipime meno ya skrubu."

Alichukua nati akaizungusha kwenye kulabu ya zamani. Ikaingia yote. Kwenye ile ya vyuma chakavu, nati ileile ilikwama mapema.

"Mikono ya zamani haikutengenezwa kwa kipimo kimoja," alisema. "Skrubu ya mahali pake huingia kwa vidole vitupu. Ikikataa kwa vidole, usiitie spana."

Spana akajikohoza. Mke akatazama dari.

"Kwa hiyo mkono umekufa?" mke aliuliza.

"Haujafa, mwanangu. Kikombe chake, hapa unapoingiza kigutu, kizima, mikanda mizima. Kilichoharibika ni kiungio cha kifundo, hapa kulabu inapofungwa. Hicho hubadilishwa peke yake. Tatizo ni kwamba ni cha zamani."

Akakisafisha kiungio kwa kitambaa. Ndani zikaonekana herufi ndogo na namba. Akavaa miwani, akazisoma, kisha akavuta droo iliyojaa vipuri.

"Hivi vimetoka kwenye mikono iliyostaafu," alisema.

Kipuri cha kwanza namba yake haikulingana. Mke alishika ukingo wa meza. Cha pili herufi zililingana, namba ikapishana. Fundi akaingiza mkono mpaka mwisho wa droo. Akatoa cha tatu, akakisoma mara mbili, akatabasamu. Akampa Spana ile kulabu ya zamani.

"Ifunge wewe. Kwa vidole."

Ikazunguka laini kama kifuniko cha chupa. Spana alivuta pumzi ndefu.

Fundi akaweka waya na mrija mpya, akaibadilisha pia ile mipira midogo. Mke akauvaa mkono, akasukuma bega kidogo tu. Kulabu ikafunguka yote. Akashika karatasi bila kuikunja. Akashika kikombe cha maji bila kumwaga. Machozi yakamlengalenga.

"Kagueni waya kila wiki," fundi alisema. "Uzi mmoja ukichomoza, njooni. Wewe bwana, safisha na kagua. Kubadilisha, tutabadilisha pamoja."

Jumatatu wanafunzi waliukodolea mkono macho mwalimu alipoingia. Mwanafunzi mmoja akajikaza.

"Mwalimu, huo mkono unauma?"

"Unauma nikiona mshono uliopinda," alijibu. Darasa likacheka. Akakishika kitambaa kwa kulabu, akakanyaga cherehani, na mshono ukaenda umenyooka mpaka mwisho. Hakuna aliyeendelea kuutazama mkono. Wote walitazama kitambaa.

Siku hizi karakana ya Spana ina kopo la pili, dogo, lenye kifuniko. Ndani mna mipira midogo ya akiba na kipande cha waya wa mkono cha kutolea kipimo. Juu ameandika MKONO. Juzi muuza maziwa alilifungua.

"Nikatie waya wa humu, breki yangu imekatika."

Spana akalifunika kwa kiganja.

"Baiskeli yako itapata waya wake. Humu ni mkono wa mke wangu."

"Si waya tu, jamani?"

Sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, katikati ya mlio wa cherehani:

"Hata yeye alisema hivyohivyo."