Jina la Aliyemsugua Mgongo

Haya yalimpata dada yangu Phyllis, wa tumbo moja na mimi, na sijali nani atabisha.

Asubuhi hiyo tulikuwa uani kwake karibu na Ishiara tukipepeta ndengu, tukimtania kwamba tumbo limemzuia kuuona ungo wake. Uchungu ulipomshika tulimkimbiza kwenye kliniki moja ya kujifungulia. Nesi alikuwa mmoja tu, na hasira zake zingewatosha watano. "Watu wa nyumbani mbaki nje," alisema, akanifungia mlango usoni. Nilikaa kwenye benchi nikimlaani, nikimsikia dada yangu akilia peke yake.

Kumbe hakuwa peke yake. Tuliporuhusiwa kuingia tulimkuta akitabasamu, binti yake ananyonya vizuri. "Nesi alichungulia tu akaenda," aliniambia. "Lakini kuna mama mmoja hakuniacha hata kidogo. Alinisugua mgongo, akanipa maji, akaniambia nisukume saa gani. Anaitwa Kagwiria. Nimemuahidi mtoto ataitwa yeye."

Mama mkwe wake, Marigu, alifura. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, na mzee huyo alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka. "Hiyo jina ni ya Wameru, si yetu," alisema. "Huyu ni Marigu. Imeisha." Akamnyanyua mtoto, akamwita Marigu mbele yetu sote. Aliporudishwa kwa mama yake, mtoto alikataa titi.

Nilitoka nikamuuliza Mbogo, msafishaji wa kliniki aliyekuwa akipiga deki, Kagwiria ni nesi yupi.

"Si nesi," alinong'ona. "Ni Mmeru alikufa kwa hiyo kitanda. Aliita watu mpaka sauti ikaisha. Mtoto wake pia akaenda. Hakuacha mtu wa kuitwa yeye."

Nilimwambia Marigu. Alinicheka.

Nyumbani mtoto hakunyonya. Tulimkamulia maziwa tukampa kwa kijiko, akayatema. Alizidi kukauka mikononi mwetu. Phyllis alipiga magoti. "Mama, tafadhali, nikubalie nimwite lile jina lingine. Mtoto anakufa."

"Basi afe akiitwa Marigu."

Nilimchukia siku hiyo, na bado namchukia.

Kesho yake mchana Marigu alianguka jikoni. Alishika kiuno. Mwanamke wa miaka sabini, akihema kama mja mzito aliyefika siku zake.

"Nani ananisugua mgongo?" alinong'ona.

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Ananiambia nisukume."

Alisukuma. Hakukuwa na kitu cha kutoka. Alisukuma tena. Damu ikaja. "Mwambieni aniache," alilia. "Mwambieni aende." Mgongoni nguo yake ilikuwa ikipanda na kushuka. Polepole. Kwa upole. Haikutulia mpaka yeye mwenyewe alipotulia.

Phyllis hakungoja maiti ifunikwe. Alikimbia chumbani akipaza sauti, "Kagwiria! Kagwiria, mwanangu, njoo unyonye!" Nilimfuata.

Mtoto alikuwa kitandani, tumbo limejaa. Maziwa yalikuwa yakimtiririka kidevuni, bado yana joto. Phyllis akamtolea titi. Mtoto akafumba mdomo, akageukia ukutani.

Huu ni mwaka wa pili. Kagwiria amenona, hajawahi kuugua hata mafua. Dada yangu hajawahi kumnyonyesha tena.