Harufu ya Udongo Mbichi

Fundi cherehani yule alikuwa hakosei hata tundu la kifungo, ndiyo maana mteja alicheka aliporudisha gauni lililoshonwa mikono yote miwili ikazibwa.

"Fundi, sasa nitatolea wapi mikono?"

Fundi hakucheka. Mumewe, aliyekuwa akipiga pasi pembeni, alisikia harufu ya udongo mbichi. Aliijua. Miezi miwili nyuma walimzika binti yao wa pekee, na mama mtu hakudondosha chozi.

Tangu hapo nyumba haikukalika. Mke aliacha kula, akaacha kuoga, akawa anakaa mbele ya cherehani iliyozunguka yenyewe bila mguu wa mtu, akisikiliza kitu kikimnong'oneza kwa sauti ya marehemu mtoto wao, mchana kweupe, huku harufu ile ikipanda mpaka mume akaziba pua.

"Ananiita," alinong'ona. "Mume wangu, niache niende."

Alimbeba hadi hospitali, akaeleza kwamba mkewe amepandwa na jini. Daktari hakubishana naye habari za jini.

"Mwite upendavyo. Mimi namwita sonona, naye ameshamfikisha mkeo pabaya. Tutamlaza usingizi, tumpitishie umeme kidogo kichwani. Hatasikia maumivu. Ila anaweza kusahau mambo ya karibuni."

Siku ya tiba, mume alichungulia mlangoni. Vidole vya miguu vya mkewe vilicheza kidogo, vikatulia. Hapohapo kitu cha baridi kikampita begani, naye akamshukuru Mungu kwamba kimetoka.

Baada ya tiba hiyo kurudiwa mara kadhaa, mke alikula, akatania, akarudi kwenye cherehani yake. Alasiri moja aliinua kigauni cha njano.

"Mwite mwanao aje ajaribu. Anavyorefuka yule, usishangae kikimbana!"

Pasi ilimganda mkononi. Kumwambia ni kumfungulia jini mlango. Kunyamaza ni kumdanganya mama juu ya mwanawe. Aliizima pasi, akapiga magoti, akamwambia.

Mke alilia. Alilia kilio chote ambacho hakukilia makaburini, mpaka kigauni kikalowa. Halafu akamfuta mumewe uso, akaukuta mkavu.

"Na wewe? Ulilia na nani?"

Hakuwa amelia. Alikuwa na mgonjwa wa kuuguza. Alipofungua mdomo kujibu, harufu ya udongo mbichi ilimkaba. Akanusa kigauni. Akanusa ukuta. Ilikuwa inatoka kwenye shati lake, begani, na hapo begani sauti ndogo anayoijua ikamwita.

"Baba."