Jibu la Kompyuta ya Nane

Rafiki yangu mmoja, tulijifungua wodi moja, anasoma kompyuta chuo kikuu. Siku moja alifura kwa hasira. Zoezi lilikuwa kugawa hesabu moja kwa kompyuta nane zifanye kwa pamoja, na mwalimu kampa sifuri, maana yake arudie mwaka na mtoto mgongoni.

“Mama, maabara ina kompyuta saba nzima, ya nane ni mbovu. Jibu la nane ulilipika jikoni?” mwalimu akamuuliza.

“Twende ukaone mwenyewe.”

Kwenye maabara, chumba kisicho na dirisha, rafiki yangu akaendesha zoezi upya. Majibu nane yakarudi. Mara umeme ukakatika, giza totoro, kompyuta saba zikanyamaza. Ya nane ikaendelea kuvuma. Mwalimu akawasha tochi ya simu, akaifungua kompyuta hiyo ubavuni. Ndani hamkuwa na kitu, ila ule mvumo, na joto kama la kitanda alipoinuka mtoto sasa hivi.