Aliyeitika Ofu

Asubuhi hiyo propela ilikuwa imesimama wima, na jana yake jioni Maurice Wabwire aliiacha imelala. Hilo alikuwa na hakika nalo. Propela ya mbao hulazwa, ncha moja kulia na nyingine kushoto, ili unyevu usiteremkie upande mmoja ukaipinda. Kila fundi wa ndege za kale anajua hivyo.

"Nani ameguza hii kitu?" aliuliza.

"Na ufunguo si uko na wewe?" Duncan, msimamizi wa hanga, alijibu bila kuinua macho kwenye simu. "Manze Maurice, hiyo chai ya Mukai itakumaliza."

Wakacheka, yakaisha. Kesho yake ikawa wima tena. Maurice akaifunga kwa kamba, na asubuhi akaikuta kamba sakafuni, imekunjwa vizuri, na hanga nzima inanuka mafuta ya nyonyo yaliyoungua. Mafuta ya nyonyo yalikuwa ya injini za zamani; siku hizi hata ndege hii haiwekewi. Siku hiyo hakucheka mtu.

Ilikuwa wiki ya ndege za zamani. Uwanja wenyewe wa ndege ni wa zamani, uko ng'ambo tu ya bwawa ukitoka mtaa wa mabanda wa Silanga, na watu wa huko wamezoea ndege ndogo kupita juu ya mboga zao za sukuma kutwa nzima. Lakini wiki hiyo hata wauza makaa waligeuza shingo, maana zilikuja ndege za mabawa mawili mawili, za mbao na kitambaa, kwa maonyesho ya Jumamosi. Hii ya manjano, yenye propela ile, ilikuwa ya Kapteni Pelham, mzee wa Kizungu aliyeirusha hapahapa ujanani kisha akaenda nayo kwao. Sasa amerudi nayo, ameipaka rangi upya, anapigwa picha akitabasamu. Meno yote anayo, mzee yule.

Ndege hizo hazina stata. Mtu husimama mbele ya propela akauliza kwa sauti, "Swichi ofu?" Rubani yuko nyuma ya injini, uso wake hauonekani, kwa hiyo kilichopo ni sauti tu. Rubani akiitika "Ofu," mtu anashika mbao na kuizungusha polepole, injini inywe petroli. Ukiitika uongo, swichi iko oni, injini inashtuka na mbao inamkata mwenzako. Ndiyo maana Maurice alifunzwa jambo moja mpaka likaingia damuni: ukiulizwa, itika, na uitike kweli.

Alhamisi jioni alikuwa peke yake kwenye kiti cha rubani, anapangusa kioo. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kitambaa kingine cha kupangusia alikuwa amekitundika kwenye propela.

"Swichi ofu?"

Sauti ya mwanamume, nzito, yenye lafudhi ya Samia, kama ya wazee wa kijijini kwao, kutoka mbele ya injini. Maurice hakufikiri. Alitazama swichi, ikawa imezimwa kweli, akaitika, "Ofu."

Injini haikuwa na tone la petroli, ilikuwa baridi tangu Jumatatu, lakini ilikohoa, na propela ikazunguka mara moja kwa nguvu, na kitambaa kikaanguka chini vipande viwili. Kisha harufu ile ya nyonyo ikaja mpaka kwenye shingo yake, na mtu akamwambia sikioni, taratibu, kama anayefurahi, "Kumbe ni wewe."

Maurice alifika Silanga bila viatu. Hakujua alivivulia wapi.

Nyumbani alikuwa na mkewe Rachael, mtoto wao Collins aliyekuwa ndio anaanza kusema, na bibi yake Nanyama, ambaye wote walimwita Kukhu, kama wanavyosema kwao. Kukhu alikuwa mtu wa ugoro na maneno machache. Alinusa, akapiga chafya mbili, daima mbili, kisha akamsikiliza mjukuu wake akisimulia.

"Ndege ni rangi gani?" aliuliza.

"Manjano."

"Na mwenyewe anaitwa nani?"

"Pelham, Kukhu."

Basi Kukhu akacheka. Rachael alikuwa ameolewa nyumba ile miaka saba na hajawahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Ijumaa, wengine walipoenda kula, Mukai muuza chai alimleta mganga wake kutoka Kawangware. Shivachi, mganga mwenyewe, alikuwa fundi viatu, na mikono yake ilinuka gundi. Duncan, yeye mwenye mdomo ule wote, ndiye aliyemfungulia mlango. Shivachi hakupiga ngoma wala hakuchoma kitu. Alizunguka ndege ya manjano, akanusa, akachuchumaa mbele ya propela.

"Mukai aliniambia ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Jini ningelifukuza. Huyu ni mtu, na yuko kazini. Kuna mtu wake aliyemwambia asubiri hapa."

"Anasubiri nini?" Maurice aliuliza.

"Aliyeitika ofu. Uso hakuuona. Alisikia neno tu, na neno amelisikia kwako."

"Basi natoroka. Naenda ocha, kijijini kwetu, leo leo."

"Toroka. Atakufuata. Sauti yako ameshaishika." Shivachi alijipangusa magoti akainuka. "Tafuteni aliyemwacha hapa. Huyo ndiye daktari, mimi nashona viatu."

Jioni, jua halijazama vizuri, Rachael alikuwa anachambua mboga mlangoni na Collins anacheza na kifuniko cha sufuria. Harufu ya nyonyo ikaingia. Nyuma ya ukuta wa mabati, upande ambao hakuna njia, upande wa mtaro tu, sauti ikauliza, "Swichi ofu?"

Collins alikuwa kwenye ule umri wa kurudisha kila neno. Akatabasamu kuelekea ukutani, akafungua mdomo, "O—" na Rachael akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja chenye maji ya sukuma, akamkandamiza kifuani huku mabati yakikwaruzwa kutoka juu hadi chini na kitu kipana, taratibu, mara moja, mara ya pili, kana kwamba mtu anapapasa atafute mahali pa kushika.

Kilipoondoka, Rachael alimgeukia Kukhu. Adabu aliiweka kando.

"Unamjua huyo. Usinidanganye, Kukhu. Unamjua!"

Nanyama hakucheka tena. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Ni mume wangu," alisema. "Benard. Babu yake Maurice."

Familia yote ilijua babu alikatwa na propela kwa sababu ya ulevi. Maurice alikua akitaniwa hivyo, mjukuu wa mlevi.

"Mlevi!" Nanyama alitema mate. "Hakuwahi kuonja hata busaa. Siku ile nilikuwa nimempelekea ugali, mimba ya baba yake Maurice ikiwa tumboni. Nilimsikia akiuliza kwa masikio haya. Na nikamsikia Pelham akiitika ofu huku anacheka na msichana wake, hata hakutazama swichi. Mume wangu akakatwa mbele yangu. Halafu kijana yule akawaambia wakubwa wake kwamba mtu huyu alikuwa amelewa. Wakamzika na jina hilo."

"Sasa mbona yuko huku?" Rachael aliuliza.

"Kwetu mtu akifia ugenini, kubeba mwili hakutoshi. Mnaenda pale alipoangukia na tawi la mti wa lusiola, mnamwita jina, anapanda tawini, tawi linakuwa zito, mnampeleka kwake. Wazee walikuja na tawi. Mimi nikawafukuza. Nililala juu ya ile lami nikamwambia, Benard, usije nyumbani, mngoje aliyekuitikia."

"Na aliyemwitikia sasa ni mume wangu!" Rachael alilia. "Karibu awe mtoto wangu! Hasira yako itatumaliza sisi, Kukhu, na huyo Mzungu atapigwa picha!"

Mama mzee alimfuta Collins maji ya sukuma mdomoni. Kisha akasema, "Nitafutieni tawi. Kesho nitaenda kumwonyesha Benard sauti yenyewe. Halafu nitampeleka nyumbani."

Jumamosi jua liliwaka. Watu walijaa, watoto wamebebwa mabegani, muziki unalia. Rachael na Kukhu walipita lango la nyuma analoingizia chai Mukai, na ndoo za mandazi, tawi limefichwa chini ya kitambaa. Kapteni Pelham alikaa kwenye kiti chake, miwani machoni. Maurice alisimama mbele ya propela, tayari kuuliza.

Nanyama alivuka kamba. Duncan akapiga kelele, "We mama! We!" lakini alishafika, akamsukuma Maurice kando kwa kiwiko, akasimama pale pale aliposimama mumewe.

"Swichi ofu?" aliita.

Pelham hakumwona. Alisikia swali, akaitika kwa sauti nyepesi ya mtu anayecheka. "Ofu."

Muziki ukakatika. Mbele ya watu wote, sauti nyingine nzito ikauliza tena kutoka hewani, "Swichi ofu?" na Pelham akaitika, na ikauliza tena, na akaitika, sasa hacheki, anajaribu kuuziba mdomo wake kwa mikono miwili na neno linapita katikati ya vidole, ofu, ofu, ofu, huku propela ikizunguka yenyewe bila injini, bila mlio, ikimpulizia usoni harufu ya nyonyo, mpaka vijana wa huduma ya kwanza wakamchomoa kitini akiwa mweupe kama unga, macho yametoka, na bado anaitika.

"Umelipwa," Nanyama alisema. Machozi yalimtiririka na alikuwa anatabasamu. Aliinua tawi. "Benard Wabwire, wewe si mlevi. Twende nyumbani."

Tawi lilibaki jepesi.

Propela ilisimama wima. Sauti ikaja mara nyingine, na safari hii ilikuwa sikioni mwa Maurice. "Swichi ofu?" Mikono yake ikainuka yenyewe ikashika mbao, miguu haimtii, shingo yake iko mbele ya ncha, na neno linapanda kooni kama chakula kinachorudi. Walioitika walikuwa wawili, na aliyelipa alikuwa mmoja.

Nanyama aliitupa kanga yake, akamziba mjukuu wake mdomo kwa mkono mmoja.

"Ofu, baba," aliitika yeye. "Huyu ni damu yako. Aliyekuacha hapa ni mimi. Deni lichukue kwangu."

Injini ilikohoa mara moja. Propela haikumgusa, Rachael anaapa haikumgusa hata ukucha. Mikono ya Maurice ikaachia mbao; mama mzee akamshikisha tawi, akakaa chini polepole, akaegemea gurudumu, na hakuinuka tena. Na lile tawi mkononi mwa Maurice likawa zito ghafla, akalishika kwa mikono miwili.

Waliwapeleka Samia wote wawili, yeye kwenye jeneza na babu kwenye tawi. Kabla ya kuondoka, Maurice alirudi pale penye lami akaita na jina la Nanyama, kwa sababu ndiyo desturi. Tawi halikuongezeka uzito mikononi mwake. Akadhani labda bibi ameshatangulia.

Hangani mambo yakatulia. Propela zikilazwa, zinaamka zimelala. Kapteni Pelham hakurudi kwao, madaktari walisema hawezi kusafiri, akapangiwa nyumba mtaani Karen na wauguzi wa kumhudumia. Mmoja wao, Kasiva kutoka Machakos, ni mpwa wa Mukai, na hakujua lolote kuhusu Silanga. Siku moja alipitia kwa shangazi kunywa chai, Maurice ameketi benchini.

"Auntie, kile kibarua kitanishinda," Kasiva alisema kwa kunong'ona. "Mchana mzee ananyamaza, analala. Jioni tu ikiingia anakaa kitako anaanza, ofu, ofu, analia kama mtoto. Na, wacha nikuambie, kuna mtu anamuuliza. Mimi namsikia."

"Mwanaume?" Maurice aliuliza haraka.

"Mwanamke. Mzee hivi. Anauliza pole pole, hana haraka. Akichoka ananyamaza kidogo, chumba kinanuka ugoro, halafu anapiga chafya."

"Ngapi?"

"Mbili. Kila mara ni mbili." Kasiva alimtazama. "Unamjua? Niwaitie mtu wa maombi?"

Maurice alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mwache afanye kazi yake," alisema.